Pilau na Kifungu cha Tisa

Nchi ninayoisimulia si hii yako. Hii yako, nina hakika, ina utulivu, mbwa wake wanabweka wanapotaka, na mtu akitoka kwenda dukani anarudi na mkate. Ukiona mahali panafanana, ujue ni macho yako tu. Macho, kama alivyotueleza Waziri wetu, ni kiungo kisichoaminika sana.

Mimi ni Msomaji wa Taarifa za Mtaa wa Upeo. Mtaa wetu uko pembezoni mwa jiji, upande wa watu waliojenga: kuta ndefu, mageti ya chuma, maua yaliyotambaa juu ya seng'enge, na nyuma ya kila geti kuna mbwa. Kila asubuhi Mwenyekiti wa Mtaa ananipa taarifa, napanda gari la vipaza sauti, nazunguka mtaa mzima nikisoma. Siongezi neno wala sipunguzi. Watu wananiita Bwana Taarifa, na wakiniona wananyamaza, jambo ambalo nalichukua kuwa ni heshima.

Mbwa sina. Nina paka mmoja, Kadogo, ambaye kusema kweli ni wa mdogo wangu Kheri. Kheri yuko masomoni. Masomo ya nini na ya wapi sijui, ila ofisi moja ilinijulisha kwamba yuko masomoni, nami si mtu wa kubishana na ofisi. Ni masomo marefu kidogo, hayana likizo.

Basi, tuje kwenye habari za mbwa.

Mambo yalianza pale Waziri wa Ujirani Mwema aliposafiri kwenda nchi za baridi kujifunza ujirani. Alijifunza sana, na ushahidi ni kwamba alirudi na masanduku mengi na kipeperushi kimoja. Kipeperushi alikiokota kwenye sanduku la barua la nyumba aliyofikia. Kilitolewa na wakazi wa kitongoji fulani cha huko, wakikumbushana namna ya kufuga mbwa na paka kwa kuwajibika bila kuwaudhi majirani. Juu kilikuwa na picha ya mbwa anayetabasamu.

Bunge letu lilikipitisha kuwa sheria mchana mmoja, kwa makofi. Mbunge mmoja alisimama akauliza kama isingekuwa vizuri kwanza kuondoa sehemu zisizotuhusu. Spika akamtazama.

"Mheshimiwa anataka kutuambia kwamba Waziri alibeba vitu visivyotuhusu?"

Mbunge akasema hapana, hakumaanisha hivyo hata kidogo. Akaomba radhi, akakaa, akaanza kuumwa, na mpaka leo anaumwa. Kipeperushi kikapita kama kilivyo, pamoja na tabasamu la mbwa.

Ndiyo maana Kifungu cha Nne cha sheria yetu kinamtaka kila mkazi akaushe miguu ya mbwa wake anapotoka kwenye theluji. Theluji hatujawahi kuiona, lakini hilo halikumzuia mtu. Iliundwa Kamati ya Theluji ya Mtaa, ikapewa gari na mafuta, na kila mwezi inaripoti kwamba hali imedhibitiwa.

Kifungu cha Sita kinasema anayetembea na mbwa abebe mfuko, aokote kinyesi, akitupe mahali panapostahili. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Mavura, alikaa akifikiri mahali panapostahili ni wapi. Akaogopa kuamua peke yake, maana kuamua kuna hatari zake. Akaagiza mifuko yote iletwe ofisini kwake, kila mmoja ukiwa umeandikwa umetoka nyumba gani, isubiri maelekezo kutoka juu. Maelekezo hayajafika. Siku hizi anayekwenda kugongesha muhuri kwa Mwenyekiti anavuta pumzi ndefu nje kabla ya kuingia, na wengi wameahirisha shida zao.

Kisha kulikuwa na habari ya majina. Watu wa Upeo wana mtindo wao: mtu akiwa na neno la kumwambia jirani na hataki ugomvi, anafuga mbwa akampa lile neno liwe jina. Jioni unasikia, "Mtajiju, njoo ule!" na aliyekusudiwa anafunga dirisha. Sasa kipeperushi kilitaka mnyama apewe jina zuri. Kamati ya Usalama ya Mtaa ikapita nyumba kwa nyumba, na mbwa wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyeitwa Tumechoka, akabadilishwa kwa amri akawa Tunashukuru. Yeye mwenyewe hakuelewa. Alipoitwa Tunashukuru hakuja, ikaandikwa kwamba ana mwelekeo usioeleweka na afuatiliwe.

Kifungu cha Saba: kila mnyama avae kibati shingoni chenye jina la mmiliki wake. Lakini mmiliki ni nani katika nyumba ya watu saba? Maofisa wakabuni njia. Waliipanga familia mstari, wakamwachia mnyama, na yule aliyefuatwa ndiye akaandikwa. Kwa jirani yangu Bwana Tengule, mbwa wao Pilau aliwapita wote wawili, mume na mke, akaingia ndani, akatoka na ndara za Bwana Tengule mdomoni, akaziweka miguuni pake. Wakaandika Tengule. Jina la Pilau alilipata kwa sababu aliokotwa akiwa mdogo nyuma ya ukumbi wa harusi, uso mzima una mchuzi.

Kwangu walimwachia Kadogo. Akanipita mimi niliyempa maziwa asubuhi ile ile, akaenda chumba cha Kheri, akapanda kitandani, akajikunja. Ofisa akaniuliza kitanda ni cha nani. Kibati cha Kadogo kimeandikwa Kheri.

Kifungu cha Tisa hakuna aliyekijali. Kinasema hivi: mnyama akiokotwa au akikamatwa, apelekwe kwa mmiliki wake mara moja, bila mwokotaji kuulizwa maswali. Nakitaja mapema usije ukasema nilikuficha.

*

Bwana Tengule alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuonea mbali. Pengine hiyo ya mbali ndiyo iliyomponza. Kwenye mkutano wa mtaa alinyoosha mkono akauliza uwanja wa mpira wa watoto umekwenda wapi.

Mheshimiwa Mavura hakukasirika. Alieleza kwa upole kwamba uwanja upo, haujaenda popote, ila kwa sasa uko ndani ya ukuta wake kwa ajili ya usalama wa uwanja wenyewe.

"Na watoto?" akauliza Bwana Tengule.

"Watoto wako nje ya ukuta," alisema Mwenyekiti, "kwa ajili ya usalama wa watoto."

Tukapiga makofi. Bwana Tengule hakupiga, na mimi niliona kwamba hakupiga, na watu wengine waliona kwamba nimeona.

Wiki hiyo hiyo, mchana, alitoka kumtembeza Pilau. Alikuwa ameshika kamba na mfuko wa kinyesi, kila kitu kwa mujibu wa sheria. Gari la kijivu lisilo na namba likasimama kando yake. Pilau alirudi nyumbani peke yake akiburuta kamba, na mfuko ulikutwa barabarani, mtupu.

Asubuhi yake nilisoma: "Wakazi wa Upeo mnataarifiwa kwamba hakuna mtu aliyechukuliwa. Waliomwona akichukuliwa wanashauriwa kupima macho. Upimaji ni bure." Nikasoma mara mbili, kama ilivyo ada.

Ilisemekana, na si mimi niliyesema, kwamba waliomchukua ni watu wasiojulikana. Hao tunao. Wako wanne. Wanakunywa supu kwa Mama Sijali, kona ya pili, na mnene wao, ambaye mtaa unamwita Miwani kwa sababu hata mvua ikinyesha havui miwani ya jua, hapendi pilipili lakini anapenda ndimu. Zaidi ya hapo hatujui lolote juu yao.

Tangu siku ile Pilau akawa na tabia mbili, na zote zilimtia matatani. Ya kwanza, kila alasiri, saa za Bwana Tengule kurudi matembezini, alizichukua zile ndara ndani, akazileta getini, akalala pembeni yake mpaka Bi Mwanahawa, mke wa Bwana Tengule, atoke kuzirudisha. Ya pili, kila mtu wa serikali aliyepita alimbwekea mpaka sauti ikamkauka.

Kamati ya Usalama ilikaa kujadili ndara. Kwa nini ya kushoto hutangulia kuwekwa? Kwa nini ncha zinaelekea barabara kuu? Mjumbe mmoja alipendekeza kwamba mbwa anatuma ujumbe, mwingine akasema mbwa anapokea, na baada ya majadiliano marefu wakakubaliana kwamba anafanya yote mawili. Nikapewa ya kusoma: "Wakazi mnakumbushwa kuwa ni marufuku mbwa kusambaza viatu."

Bi Mwanahawa aliniita siku ile juu ya ukuta unaotutenganisha. Ni mwanamke mfupi, kwa hiyo nilijua amepanda juu ya kitu.

"Bwana Taarifa, hujambo?"

"Sijambo, Bi Mwanahawa. Za kwako?"

"Za kwangu unazisoma wewe kila asubuhi, unaniuliza mimi?" Akajiinua zaidi ukutani. "Nilikwenda ofisini wabadilishe kibati cha Pilau. Waandike jina langu. Wamesema wakimkuta tena anabweka watamchukua, na mimi jina langu halimo popote, sina hata pa kusimamia."

"Wakasemaje?"

"Wanasema mmiliki aje mwenyewe kuidhinisha. Nikawaambia mmiliki hayupo. Wakaniambia, nani amesema hayupo? Umesikia kwenye taarifa?"

Nikakiri kwamba haijawahi kuwemo kwenye taarifa.

"Mbwa ndiye pekee aliyebaki nyumbani humu anayejua kwamba kuna mtu hajarudi," alisema. "Watoto wangu wako mbali, majirani wamepima macho. Wakimchukua Pilau, nitaamka siku moja na mimi niseme labda sikuwa na mume." Kisha akaniuliza kwa sauti ile ile, kama mtu anayeomba chumvi, "Na Kheri?"

"Yuko masomoni."

"Amefaulu?"

Nilimwambia kuna kitu naunguza jikoni, nikaingia ndani. Hakukuwa na kitu jikoni. Nilikaa nikamtazama Kadogo naye akanitazama, na kifua kikaniuma, naweza kusema hivyo kwa sababu haimo kwenye sheria yoyote.

*

Huko juu nako walikuwa wamechoshwa na kubwekewa. Waziri akatoa waraka: ili kukomesha dharau ya mbwa kwa dola, ifanyike Siku ya Utambulisho. Mbwa wote wa mtaa waletwe sehemu moja, wanuse viongozi na watendaji wote wa serikali bila kumbagua mtu. Mbwa akishamnusa kiongozi, atakuwa anamjua, na akimbwekea baada ya hapo itakuwa ni makusudi. Atachukuliwa.

Hapo pakatokea ugumu. Je, wasiojulikana nao ni watendaji? Mkuu wao alikuja ofisini kuuliza, akiwa ameshika pua. Mheshimiwa Mavura alisoma waraka mara nyingi. Ulisema "wote bila kumbagua mtu". Kumwondoa hata mmoja ingekuwa kumsahihisha Waziri. Mkuu naye alisema kazi yao yote ni kutojulikana, sasa wakajitambulishe kwa mbwa? Walikaa pale kwa huzuni, katikati ya mifuko, na mwisho wakakubaliana kwamba wasiojulikana watahudhuria, ila kwa siri, mbele ya wananchi wote.

Niliona jambo jingine siku ile ambalo sikulipa uzito. Miwani alikuwa amesimama mlangoni akifanya mazoezi kwa sauti ya chini. Idara yao ilikuwa imepelekwa semina ya kipeperushi, kukawa na mtihani wa kukariri vifungu, na Miwani alishika nafasi ya kwanza. Cheti alikuwa amekiweka kwenye kioo cha mbele cha gari la kijivu, pale ambapo magari mengine yana bima.

Siku ilipofika tulikusanyika barabarani nje ya ukuta wa Mwenyekiti, kwa kuwa uwanja ulikuwa ndani kwa usalama wake. Viongozi walipangwa kwenye viti: Mwenyekiti, Kamati ya Usalama, Kamati ya Theluji waliovaa masweta, na mwisho wanaume wanne wenye miwani ya jua ambao vifuani walibandikwa karatasi zilizoandikwa HAJULIKANI. Mimi nilikuwa mshereheshaji.

Mheshimiwa Mavura alihutubia.

"Ndugu wananchi, ndugu mbwa! Taifa lisilonuswa ni taifa lisilopendwa! Wapo wanaosema mbwa hana itikadi. Nawaambia, mbwa anayelala mchana kutwa huku wenzake wanalijenga taifa, huyo itikadi anayo! Leo serikali yenu inakuja kwenu ikiwa mikono mitupu. Inuseni!"

Mbwa wakaanza kupitishwa. Mtajiju alinusa vizuri. Tunashukuru alifika kwa mwenyekiti wa Kamati ya Theluji, akainua mguu, akamlowesha sweta, na Kamati ikasema hilo litaingia kwenye ripoti ya mwezi kama unyevu. Kila kiongozi nilimtangaza jina na cheo. Nilipofika mwisho nikatangaza, kwa mujibu wa maelekezo, "Na sasa, mbwa wetu watamtambua bwana huyu asiyejulikana."

"Miwani!" Mama Sijali alipaza sauti kutoka nyuma. "Bakuli langu utarudisha lini?"

"Kesho, mama," akajibu asiyejulikana.

Kisha ikafika zamu ya Pilau. Bi Mwanahawa alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili, kucha zimemwingia kiganjani. Kila mtu alijua kwamba akibweka mara moja tu amekwisha. Alimnusa Mwenyekiti, kimya. Akanusa Kamati, kimya. Bi Mwanahawa alikuwa akimsemesha kwa chini, "Taratibu baba, taratibu."

Alipofika kwa Miwani, hakubweka. Alinusa kiatu, akasimama. Akanusa suruali, akanusa mkono wa shati, akaurudia, akaurudia tena. Mkia ukaanza. Kisha akamrukia yule bwana kifuani, si kwa kumuuma, akawa analia ile sauti nyembamba ya mbwa aliyefungiwa nje na kusikia watu wake wako ndani. Akamwacha, akakimbilia gari la kijivu mpaka kamba ikamkaba, akakwaruza mlango wa nyuma, akarudi kwa Miwani, akamlamba mkono.

Watu wote tulitazama chini. Mimi nilitazama karatasi yangu, ambayo ilikuwa imeisha.

Mheshimiwa Mavura alikuwa wa kwanza kupata nguvu. Akanipokonya kipaza sauti.

"Mmeona wenyewe! Watu hawa hawajulikani. Mimi siwajui, ninyi hamwajui. Sasa mbwa huyu amewajuaje? Huyu ana mawasiliano! Na si hilo tu. Sheria inazungumzia kuwajibika. Mbwa huyu alitoka nyumbani na mmiliki wake, akarudi bila mmiliki. Alimwacha wapi? Ni mbwa gani huyo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtaa wetu kusikia kwenye kipaza sauti kwamba Bwana Tengule hakurudi. Mwenyekiti naye alilisikia lilipotoka.

"Mmiliki ambaye yupo," akaongeza haraka. "Yupo kabisa. Mkamateni mbwa!"

Miwani akasogea akashika kamba. Nilimtazama Bi Mwanahawa nikidhani ataanguka. Aliishikilia kamba kidogo, kisha akaiachia. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Sawa," alisema. "Mmemkamata?"

"Amekamatwa," akasema Mwenyekiti.

"Kisheria?"

"Kisheria kabisa!"

"Basi Kifungu cha Tisa. Mnyama akiokotwa au akikamatwa..."

Nakuapia, Miwani hakukusudia. Mtu aliyekariri kitu mpaka akapewa cheti, ukimwanzishia anamalizia mwenyewe. Alisimama wima, akanyoosha kidevu, na kwa sauti ya darasani akasema:

"Apelekwe kwa mmiliki wake mara moja, bila mwokotaji kuulizwa maswali!"

"Mmiliki imeandikwa ni nani hapo shingoni?" akauliza Bi Mwanahawa.

Miwani akainama, akakigeuza kibati, akasoma. "Tengule." Kisha akamgeukia Mkuu wake, kamba mkononi, mtumishi mwaminifu asiyetaka kukosea hata kidogo. "Mkuu, tumpeleke kule kule kwa mzee, au walishamhamisha?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Neno lilikwenda mpaka kona ya pili, likagonga kuta, likarudi.

Mkuu wa wasiojulikana alivua miwani, na kwa mara ya kwanza tukayaona macho yake, ambayo yalikuwa madogo na yenye usingizi. Akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama juu, yanakotoka maelekezo, na huko hakukuwa na kitu isipokuwa jua.

"Kule kule," alisema Bi Mwanahawa. "Nami nakaa nyuma na mbwa."

"Kule kule!" akaitikia Mama Sijali, na mwingine, na mwingine, na watu wakalizunguka gari, kila mmoja na mbwa wake. Hakuna aliyerusha jiwe. Walikuwa wanaomba sheria itekelezwe, na kwa jambo hilo nchi yetu haikuwa bado imetunga kosa.

Mheshimiwa Mavura alijifuta jasho. Kukataa Kifungu cha Tisa ilikuwa ni kusema Waziri alibeba kitu kisichotuhusu, na alimkumbuka yule mbunge anayeumwa.

"Itekelezwe," alisema, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

*

Taarifa ya asubuhi iliyofuata nilipewa ikiwa bado ina wino mbichi: "Wakazi wa Upeo mnataarifiwa kwamba hakuna mtu aliyerudi, kwa kuwa hakuna aliyeondoka. Aidha, Bwana Tengule anaombwa asisalimie watu ovyo."

Nilipopita nyumbani kwao nilimwambia dereva apunguze mwendo. Geti lilikuwa wazi. Bwana Tengule alikuwa amekaa kwenye kiti uani, amekonda, ndevu nyeupe zimemjaa, miwani zote mbili hana. Ndara hazikuwa getini. Zilikuwa miguuni mwake, ya kushoto imefunguliwa mkanda kwa sababu mguu ule ulikuwa umevimba, na Pilau amelaza kichwa juu ya ule mwingine. Bi Mwanahawa alikuwa anamenyea mumewe chungwa. Aliniona, akanipungia kisu.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini sitaki kukudanganya: niliona wivu mpaka mate yakawa machungu. Nilimaliza mzunguko wangu nikisoma vibaya, nikiruka mistari, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Ijumaa ikaja taarifa nyingine. Bunge limekaa kwa dharura. Ilionekana kwamba Kifungu cha Tisa kilibebwa kwa bahati mbaya na mbeba masanduku, si na Waziri, na kwa hiyo kitafutwa kuanzia Jumatatu. Wananchi waendelee kuwajibika. Niliisoma mtaa mzima mara mbili, kama nilivyoagizwa, nikitamka vizuri sana neno Jumatatu. Nililisoma polepole mbele ya kila geti, na kwenye mageti mengine nikalirudia.

Kisha nikarudi nyumbani, nikaingia chumba cha Kheri ambacho huwa siingii. Kadogo alikuwa mahali pake. Nikamwingiza kwenye kikapu cha sokoni, nikafunika kwa kanga, nikaenda ofisi ya Mwenyekiti.

Nilidhani nitakuwa peke yangu. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imezunguka ukuta mpya wa uwanja, imefika mpaka kwa Mama Sijali. Kulikuwa na wanawake wenye mbwa nisiowajua, kutoka mitaa ambayo sijawahi kuisomea. Mzee mmoja alikuwa na mbuzi mwenye kibati. Binti mmoja alikuwa na kasuku, na kasuku anaita jina la mwanamume, lile lile, bila kuchoka. Hakuna aliyeniogopa. Mtu mmoja alinisogezea nafasi nisimame kivulini.

Zamu yangu ilipofika nilivuta pumzi ndefu, nikaingia. Karani alikuwa amejifunga kitambaa puani.

"Bwana Taarifa! Leo umeleta taarifa gani?"

"Sina taarifa. Nimeokota paka."

"Umemwokota wapi?"

"Kifungu kinasema nisiulizwe maswali. Bado kinafanya kazi mpaka Jumatatu. Nimekisoma mwenyewe."

Akafunua kanga, akakivuta kibati, akasoma jina. Aliposoma akaangalia mlangoni, kisha akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza akazungumza nami kama mtu na mtu.

"Lakini huyu mmiliki, kaka, si tulikwambia yuko masomoni?"

"Mpelekeni masomoni," nikamwambia. "Kikapu nitabeba mimi."